Kesi ya Maganda ya Karanga

Wanafunzi walimwita Mama Povu, na mwenyewe alijua. Somo lake lilikuwa la mapovu. Unachukua maji yenye asidi, unatumbukiza vijiti viwili, unapitisha umeme, na maji yanaanza kuvunjika: haidrojeni inapanda kwenye kijiti hiki, oksijeni kwenye kile, vipovu vyembamba kama vya soda iliyofunguliwa sasa hivi. Kazi nzima ya somo ni kutafuta kitu cha kupaka kwenye kijiti ili maji yavunjike kwa umeme kidogo zaidi. Kitu hicho ndicho kichocheo. Lakini tusidanganyane, jina halikutoka kwenye maji peke yake. Mama yule akimkuta mtu anamimina asidi bila kuvaa miwani, povu lililomtoka mdomoni lingetosha kuendesha gari.

Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na koti lake jeupe lilikuwa na vitundu vya asidi mikononi. Maabara yake ilikuwa mwisho wa korido, chumba kirefu chenye dirisha moja lisilofunga sawasawa na bomba lililovuja tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka. Chumba cha jirani kilikuwa cha kompyuta, chenye baridi safi na viti vya magurudumu. Wanafunzi aliwagawa nusu kwa nusu. Hawa wanapima kichocheo mezani, kwa mikono yao. Wale wanakiunda kichocheo hichohicho kwenye kompyuta, chembe kwa chembe, halafu wanaikalisha haidrojeni juu yake na kukokotoa imeshikwa kwa nguvu gani. Baada ya wiki chache wanabadilishana.

"Haidrojeni ni mgeni," aliwaambia kila mwaka. "Ukimpa kiti kibovu, hakai. Ukimpa kochi la kuzama, haondoki. Kichocheo kizuri ni benchi. Mgeni anakaa, anamaliza shida yake, anaaga."

Na kila Ijumaa kulikuwa na kesi. Huo ulikuwa utaratibu wake, hakuutoa kitabuni. Pande mbili zilikutana maabara, na mshtakiwa alikuwa mstari wa grafu, ule unaoonyesha nguvu ya kichocheo. Waliopima mezani waliutetea, waliokokotoa kwenye kompyuta waliushtaki, na sheria ilikuwa moja tu: mwalimu hafungui mdomo mpaka mwisho, anapotoa hukumu. Kwa mwanamke mwenye mdomo ule, hiyo ilikuwa adhabu. Lakini aliipenda. Aliketi kwenye kistuli chake karibu na sinki, mikono mapajani, akisikiliza vijana wanavyoraruana kwa adabu, na hapo ungemwona anatabasamu kama mtu aliyeshiba.

Muhula ninaousimulia ndio mkuu wa idara alipokitolea macho chumba cha maabara.

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu nadhifu, na unadhifu una vituko vyake. Alisema asidi inaunguza, vioo vinavunjika, bomba linavuja, na kompyuta hazifanyi lolote kati ya hayo. Kwa nini wasiondoe meza na masinki, wakawa na vyumba viwili vya kompyuta, somo likafundishwa lote kwenye skrini? Akamwambia Mama Povu kwamba Ijumaa ya mwisho wa mwezi atakuja mwenyewe kuiona hiyo kesi inayosemwasemwa, kisha ataamua. Mwalimu wa kompyuta, mtu mpole aliyefundisha chumba cha jirani, alimfuata Mama Povu koridoni kumwambia kwamba yeye chumba hakukiomba. Mama Povu alijua hilo. Hakuwa na kinyongo naye.

Lakini aliogopa, tena sana. Kufundisha mapovu bila povu hata moja, aliona ni kama kumfundisha mtu kuogelea ubaoni.

Sasa, kati ya wanafunzi wa mezani alikuwemo binti mmoja mrefu mwenye sauti ndogo. Wenzake walimbatiza Karanga, kwa sababu kwao walimenya karanga za kuuza, na alipoambiwa atafute kaboni ya kujaribia alileta mfuko mzima wa maganda. Aliyachoma kwenye tanuri bila hewa mpaka yakawa makaa, akayasaga, akayachanganya na spiriti yakawa kama wino, akadondosha tone kwenye kijiti chake na kulikausha. Hakuna aliyetegemea makubwa. Makaa ni makaa. Zoezi lilikuwa la kujifunza kupima, basi.

Mama Povu alimpenda binti huyu kwa jinsi alivyosugua vyombo. Kwa hiyo akamwazima waya wake wa platini.

Huo waya lazima nikueleze. Ulikuwa mwembamba, umekunjwa kama springi ya kalamu, na ndio mali pekee ya maana katika chumba kile. Aliuhifadhi ndani ya kibweta cha miwani, droo ya juu, funguo shingoni. Platini ndiyo bingwa wa kuvunja maji, hakuna anayebisha. Ukitaka kujua kichocheo chako kina thamani gani, unampima bingwa kwanza, kisha unapima chako, unaona umeachwa mbali kiasi gani. Alimwazima kwa kazi hiyo tu: pima, osha, rudisha.

Vijiti ndani ya bika, kile chombo cha kioo cha kupimia, ni viwili. Kimoja ndicho kinachobeba kichocheo. Kingine ni mwenzake tu, wa kukamilisha njia ya umeme, na katika maabara ile mwenza huyo alikuwa kijiti cheusi cha kaboni kilichochomolewa kwenye betri kuukuu ya redio na kuchemshwa mpaka kikatakata. Karanga alimpima bingwa, akaandika. Kisha akautazama waya unavyong'aa, akakitazama kijiti cha betri kilivyo, akaona haya kuurudisha waya kwenye kibweta mapema hivyo. Kitu kizuri kama kile, Mwalimu amekitoa kwa mkono wake. Akakiweka kijiti cha betri kando, akautumbukiza waya mahali pake, kuwa mwenza wa maganda yake ya karanga. Alifanya kwa heshima kabisa.

Jumatatu maganda yalipimwa yakawa dhaifu, kama ilivyotarajiwa. Waliacha umeme uende na kurudi kutwa nzima. Jumanne yalikuwa na nafuu. Jumatano mstari ulikuwa umepanda mpaka ukaanza kumnusa bingwa. Meza zilipigwa makofi. Mwanafunzi mmoja alikimbia kumwambia mwenzake, mwenzake akamwambia karani, na karani, unamjua karani. Kabla ya saa ya chakula mkuu wa idara alikuwa amesimama maabara, suti na yote, akipiga picha skrini kwa simu.

"Takataka," alisema, macho yanameremeta. "Takataka za karanga zinashindana na platini. Nimekwisha mwambia mkuu wa chuo."

Alimpa Mama Povu mkono. Kwa mara ya kwanza muhula ule alisema "maabara yetu".

Mama Povu alikuwa ndio kwanza anatoka darasani. Akainama kuona vizuri, na macho yakaangukia ndani ya bika, kwenye ule waya uliokunjwa, unaong'aa mahali ambapo palitakiwa kijiti cheusi. Alijua hapohapo. Asidi na umeme, upande ule, huila platini kidogo kidogo. Inayeyuka, inaogelea, inakwenda kukaa kwenye kijiti cha pili. Kilichokuwa kinavunja maji hakikuwa maganda ya karanga hata kidogo. Ilikuwa platini yake mwenyewe, imepanda juu ya makaa kama abiria asiye na tiketi.

Akafungua mdomo. Akamwona Mkuu anavyochekelea. Akaufunga.

Nyumbani jioni mumewe alikuwa mezani akisahihisha madaftari. Alifundisha shule ya msingi, hesabu, na alikuwa na tabia ya kusikiliza bila kuinua kichwa. Mama Povu alimweleza yote huku akikata vitunguu kwa hasira.

"Hao watoto umewaambia?" mume akauliza.

"Kanuni yangu unaijua, Baba. Sisemi mpaka mwisho wa kesi. Lazima wagundue wenyewe."

"Naijua. Kanuni nzuri." Akapiga tiki, akafunua daftari lingine. "Wiki hii inakufaa kweli."

Kisu kikasimama. Walikuwa wameoana miaka mingi kiasi kwamba walijua wapi pa kuchomana.

"Unataka kusema nini?"

"Sijasema kitu, mama watoto. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Mimi nasahihisha."

Usiku huo Mama Povu alikula kidogo, na asubuhi ya Alhamisi alimpita Karanga koridoni akajifanya ana haraka. Hapo ndipo nisipomsifu. Mtu mzima, mwalimu, anamkimbia mwanafunzi kwa sababu mwanafunzi amefurahi.

Ijumaa hiyo ya mwisho wa mwezi maabara ilijaa. Mkuu wa idara aliwekewa kiti cha magurudumu kutoka chumba cha jirani, katikati kabisa. Mama Povu akakaa kwenye kistuli chake karibu na sinki, bomba likidondoka nyuma yake.

Karanga alisimama na kuutetea mstari wake vizuri kuliko alivyowahi kusema jambo lolote. Sauti ilikuwa bado ndogo, lakini ilinyooka. Alionyesha jinsi alivyochoma, alivyosaga, alivyosafisha, alivyorudia vipimo. Kila kitu kilikuwa sawa. Mama Povu alimwonea fahari mpaka ikamuuma.

Wa mashtaka alikuwa kijana wa upande wa kompyuta waliyemwita Wakili, kwa kuwa hakuwahi kukubali jambo bila kuligeuza kwanza. Alileta hesabu zake. Kwenye kaboni ya namna ile, alisema, haidrojeni haikai. Wamejaribu kila pembe. Kiti ni kibovu, mgeni hakai, basi.

"Mwamba ngoma huvutia kwake," Karanga akajibu. "Kompyuta yako inasema hakai. Bika langu linaonyesha amekaa. Mapovu umeyaona kwa macho yako."

Watu wakacheka. Mkuu akacheka kuliko wote.

"Nimeyaona," Wakili akasema. "Linalonisumbua ni jingine. Kichocheo kikifanya kazi huchoka. Chako kinafanya kazi kutwa nzima, kesho yake kina nguvu zaidi. Punda wa namna hiyo mimi sijamwona."

"Labda kinajizoesha."

"Kinajizoesha vipi?"

"Hilo bado tunalichunguza," alisema Karanga, na lilikuwa jibu zuri, jibu la wanasayansi wote wanapobanwa.

Wakili akapekua karatasi zake. Akamtazama mwenzake, mwenzake akainua mabega. Ilionekana wazi kwamba wamefika mwisho. Mkuu alianza kujiweka sawa kitini, kama mtu anayejiandaa kutoa hotuba. Mama Povu alishika ukingo wa kistuli kwa mikono yote miwili. Sasa zamu yake ilikuwa inakuja. Wakishindwa, hukumu ni yake, na chumba kizima kilikuwa kinasubiri aseme neno moja ambalo lingemwachia maabara yake.

"La mwisho," Wakili akasema, tena kwa unyonge. "Nataka kurudia hesabu zangu upya. Kwenye kompyuta mimi nina maji, kaboni na haidrojeni tu. Nitajie kila kilichokuwemo ndani ya bika, niongeze nilichosahau."

Karanga akahesabu kwa vidole. "Maji yaliyosafishwa. Asidi. Kijiti changu, chenye maganda. Gundi kidogo ya kuyashika. Waya."

"Waya gani?" Wakili aliuliza huku anaandika, hata hakuinua kichwa.

"Wa Mwalimu. Wa platini."

Wakili akaandika, akasema asante, akakaa. Hakuwa ameona kitu. Lakini Karanga hakukaa. Alibaki amesimama na kidole cha mwisho hewani, na uso wake ukaanza kubadilika polepole, wa mtu aliyesikia maneno yake mwenyewe.

"Ngoja," alisema.

Akamgeukia mkuu wa idara.

"Mkuu, samahani. Naomba nisiutetee tena." Akashusha mkono. "Kijiti cha betri nilikitoa. Niliweka waya wa platini. Sikupaswa. Nadhani imeyeyuka ikahamia kwangu. Ndiyo maana kila siku kina nguvu zaidi. Siyo maganda. Kwenye kaboni ya Wakili mgeni hakai, na kwenye yangu pia hakai. Iliyomkalisha ni platini."

Mkuu alisogea mbele kidogo kitini. "Unadhani, au una hakika?"

"Nadhani. Nipeni mpaka Jumatatu. Nitaweka mabika mawili, maganda mapya yaleyale, moja na waya, moja na kijiti cha betri. Yote yaende sawa."

"Mimi nimekwisha mwambia mkuu wa chuo," alisema Mkuu, polepole, kama anayejiambia mwenyewe. Akasimama. Akamtazama Mama Povu. "Wewe uliliona hili?"

Macho yote yakageukia kwenye sinki. Angeweza kujifichia kwenye kanuni yake. Hakujificha.

"Jumatano, Mkuu," alisema.

Mkuu akatoka bila kuaga. Mama Povu akasimama, akatoa hukumu fupi kuliko zote alizowahi kutoa: kesi imeahirishwa mpaka Jumatatu. Kisha akawaambia wasafishe meza, akaenda kusimama stoo kidogo, akalia. Alilia kwa ajili ya chumba, na kwa aibu pia. Alipotoka akamfokea mtu aliyeacha chupa ya asidi wazi, na wanafunzi wakajua amerudi.

Jumatatu mabika mawili yalikaa mezani yamepangwa pamoja, mapovu yakipanda. Hawakuhitaji kuelezwa. Kwenye lile lenye kijiti cha betri, mstari ulikuwa umelala palepale ulipoanzia. Kwenye lile lenye waya, ulikuwa umekwisha panda na bado unapanda. Wakili alikuwa amevuta kiti, anatazama, hajisifu hata kidogo, na Mama Povu alilitia hilo moyoni.

Mkuu wa idara alikuja. Hakuna aliyemtarajia. Hakuwa na koti la suti, na alisimama mbele ya mabika kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Kompyuta ilijua?" akamuuliza Wakili.

"Ilijua kwamba maganda hayawezi, Mkuu. Kwa nini yameweza, hiyo haikujua. Waya hatukuuweka mle. Hatukujua upo."

"Na wewe," akamgeukia Karanga. "Ungenyamaza, nani angejua? Mimi nilikuwa nimefurahi kweli."

"Hata mimi nilikuwa nimefurahi, Mkuu," Karanga alisema.

Mkuu akaitikia kwa kichwa. Aliinama akatazama mapovu kwa karibu, karibu kiasi kwamba Mama Povu ilibidi amvalishe miwani kwa mkono wake, na yeye akakubali kuvalishwa.

"Nimetoka kwa mkuu wa chuo sasa hivi," alisema, bado ameinama. "Nimemwambia habari ile haikuwa kweli. Akauliza nani kaligundua kosa, wageni? Nikamwambia, hapana, ni wanafunzi wetu, wale waliolifanya. Akasema tuna bahati." Akanyooka, akavua miwani, akairudisha. "Chumba hiki nikikivunja, nitamweleza nini? Kibaki. Lakini hilo bomba, Mwalimu, nitaleta fundi."

Alipotoka walipiga makofi, na safari hii Mama Povu naye alipiga, akicheka na kufuta macho kwa mkono wa koti lenye vitundu. Furaha ilimjaa mpaka akasahau kumgombeza aliyekaa juu ya meza.

Baadaye, wengine walipokwenda kula, Karanga alibaki anaosha mabika. Alisugua kama kawaida yake, ndani, nje, ndani tena. Mama Povu alikuwa anaukausha waya.

"Mwalimu."

"Naam."

"Ulijua tangu Jumatano. Alhamisi ulinipita koridoni nikakusalimia, hukusimama."

"Sikusimama," alikiri. "Nilikosea, mwanangu. Nisamehe."

Binti akaligeuza bika kwenye mwanga, akaona alama, akalirudisha kwenye maji. Hakuwa amenuna. Lakini hakuwa amemaliza.

"Na Wakili asingeuliza? Ungesema?"

Mama Povu aliuangalia waya mkononi. Angeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno fupi, na binti angelipokea, na wote wawili wangekwenda kula.

"Nilishika kistuli ili nisimame," alisema. "Kama ningesimama kweli, sijui."

Karanga akasuuza bika la mwisho, akaliinamisha kwenye kitambaa, akafuta mikono.

"Basi Ijumaa nitakaa karibu na wewe," alisema. "Nikiona umechelewa, nitakuvuta mkono."

"Nivute," alisema Mama Povu.